Taa Iliyowaka Maji Yalipojaa

Vijana wangu wa karakana, mmenitaka niandike kabla sijaanza kusahau, na mmesema niandike mambo ya maana. Sasa mambo ya maana mimi siyajui. Habari za vyeo mtazikuta kwenye mafaili, kama panya wamebakiza kitu. Mimi nitaandika niliyoyashika kwa mikono yangu, na moja nililolisikia kwa masikio haya, ambalo mpaka leo likinijia huwa naacha ninachokifanya.

Nilianza kazi Kilindoni nikiwa msichana mwenye cheti kipya na viatu vinavyobana. Karakana yetu ya vifaa vya tiba ilikuwa chumba kimoja, ukuta kwa ukuta na chumba cha maiti. Hakuna aliyenitahadharisha. Asubuhi ya kwanza nilisikia kitu kinaguna nyuma ya ukuta, kikanyamaza, kikaguna tena. Nikamuuliza mkubwa wangu, Mzee Kapinga, Mngoni wa Songea aliyeletwa kisiwani kwa uhamisho na akasahau kurudi kwao.

"Mota ya jokofu," akasema bila kuinua kichwa.

"Humo ndani yumo nani?"

"Leo hayumo mtu. Ndiyo maana nashangaa linajitahidi hivyo."

Akanipa bisibisi, tukaenda kulifungua. Kazi yangu ya kwanza niliifanya mgongo nimeuelekeza kwenye mlango wa jokofu lile, na nawaambieni kweli, siku ile nilikuwa nasikia kwa mgongo. Ilikuwa beringi imekufa, basi. Lakini Mzee Kapinga alinikalisha chini baadaye, tukanywa chai, akanieleza jambo ambalo nimelifuata mpaka nimestaafu.

Yeye hakuwa na subira na neno "kimeharibika." Ukimletea kifaa ukasema kimeharibika, alikuwa anakurudisha nacho mlangoni. Alitaka umwambie kinakula umeme kiasi gani. Kifaa kikila kidogo kuliko kawaida, kuna mahali pamekatika. Kikila kupita kiasi, usikimbilie kubadilisha vipuri. Jiulize umeme ule unakwenda wapi, maana hauwezi kwenda pasipo mahali. Utakuta umegeuka joto, au sauti, au unavujia kwenye kutu. "Umeme haupotei, binti," alikuwa akisema. "Ukiona umeondoka, ujue kuna mahali umefika."

Alikuwa na taa yake ya kupimia, balbu ya breki ya gari aliyoifunga kwenye kipande cha mbao, na waya mbili zenye vibanio. Unaiweka katikati ya betri na kifaa ili umeme wote upite humo kwanza. Kifaa kikiwa kizima, taa inafifia mpaka uzi wake unabaki mwekundu kidogo. Kikiwa na ulafi, taa inawaka. Alipostaafu alinipa mimi taa ile. Nyinyi mna mita za kisasa zenye tarakimu, na nzuri kwelikweli, lakini mita inakutaka uitazame. Taa inakuita hata ukiwa umeangalia kwingine.

Kwa taa ile nimekuta mengi kwenye zahanati za visiwa. Nimekuta mjusi aliyekaukia katikati ya waya mbili, na sisimizi waliojenga mji mzima ndani ya swichi. Nimekuta chaja iliyoundwa kwa mkono na muuguzi mmoja kule Bwejuu, ikila umeme mwingi kuliko betri iliyokuwa inachajiwa, na mwenyewe ameipamba kwa kitambaa cha kufuma. Zote hizo zilikuwa na sababu ya kuonekana kwa macho, na mtu ukishaiona unakwenda zako kula.

Kesi ninayotaka kuwaachieni ilikuja katika miaka yangu ya mwisho kazini. Alikuja kijana wa Juani, jina lake Athumani, mnunuzi wa samaki mwenye mikono myepesi, wale wanaojifunza ufundi kwenye simu. Alibeba kopo la plastiki la aiskrimu. Ndani yake alikuwa ameunda kikuza sauti kutokana na mabaki ya redio kaseti, na ameunda vizuri. Lehemu zake zilikuwa safi kuliko za baadhi yenu, na mnajijua.

Akanieleza kazi yake. Mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, alikuwa amepooza upande mmoja, yuko kitandani, sauti imebaki mnong'ono. Mkewe Athumani, Zuhura, analima mwani, na maji yakipwa lazima ashuke pwani. Zamani alikuwa anamwacha mama peke yake. Siku moja alirudi akamkuta ameangukia kati ya kitanda na ukuta, ameita mpaka koo limekauka. Ndipo Athumani akaunda lile kopo. Maiki imefungwa karibu na mto wa mgonjwa na haizimwi, kwa sababu Bi Mwanahawa hana nguvu ya kubonyeza kitufe. Waya unatoka dirishani, unakwenda mpaka kwenye shamba la mwani, na spika inatundikwa kwenye kigingi kirefu cha shamba. Mama akinong'ona tu, Zuhura anamsikia akiwa ndani ya maji ya magotini.

"Kwa hiyo shida ni nini?" nikamuuliza.

"Kinakula betri, Bi Zena. Siku nyingine kinakaa vizuri kabisa. Siku nyingine betri imejaa mchana, jioni haina kitu. Asubuhi yake Zuhura anashuka pwani na mama hana pa kuitia."

Nikakifunga kwenye taa ya Mzee Kapinga. Uzi ukawa mwekundu kidogo, ukakaa hivyo siku nzima. Nikakipasha joto, nikakitikisa, nikakiacha kwenye jua. Hakikuonyesha kosa lolote. Nikamrudishia. Baada ya muda akakileta tena, na tena, na kila kikija karakana kilikuwa kizima. Athumani akaanza kuniangalia kwa huruma, na hicho ndicho kitu fundi hakipendi hata kidogo.

Kisha akaja Zuhura mwenyewe, bila kopo.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo umemwacha wapi?"

"Hajui kama nimekuja. Kuna jambo hakukwambia, anaona haya." Akavuta mtandio wake. "Mama anasikika kwenye redio."

"Redio ya nani?"

"Za watu wote. Maji yakijaa, zile siku za bamvua, bahari inapopanda kupita kawaida. Mtu kakaa zake anatafuta taarifa ya habari, anamsikia mama anaita majina. Majina ya watu wa pale kijijini. Na mengine ya waliokufa."

Akanieleza kwamba mzee mmoja, Kombo, alisikia jina lake akiwa anakunywa kahawa barazani. Wiki haikuisha, akazikwa. Kombo alikuwa na ugonjwa wa moyo wa siku nyingi, kila mtu anajua, lakini nani atataja moyo wakati redio imemtaja kabla? Watu wakaanza kusema Bi Mwanahawa ameshavuka, kilichobaki kitandani ni kivuli, na anawaita wenzake wamfuate. Wengine wakaingiza na habari za magofu ya Kua, mji wa kale uliokufa, kwamba nyumba ya Zuhura iko njia ya kwendea kule. Wazee wakakaa kikao. Wakaamua bamvua lijalo likipita na sauti ile bado ipo, Bi Mwanahawa avushwe Bwejuu kwa jamaa zake wa mbali, akakae huko.

"Kule hana mtu wa kumgeuza ubavu," Zuhura akasema. "Wakimpeleka, wanampeleka kufa. Na mimi sitafika kwa wakati." Alilia pale pale karakanani, na mimi nikajikuta nafungasha vifaa kabla hajamaliza.

Mimi mwenyewe nimezaliwa Juani, ingawa tulihamia Kilindoni nikiwa mchanga na sina ninachokikumbuka. Nilivuka asubuhi ya bamvua, maji yamepwa, pwani yote iko wazi mpaka macho yanachoka. Zuhura alikuwa ameacha kwenda shambani ili awepo, naye Athumani alikuwa ameshaambiwa. Akaniingiza chumbani. Bi Mwanahawa alikuwa mdogo kitandani, nusu ya uso imelala, na mdomo wake ulikuwa unacheza bila kupumzika. Hata nilipoinama sikusikia kitu. Lakini maiki ile ndogo iliyokuwa kando ya mto ilikuwa inasikia kuliko mimi.

Nikaweka taa yangu katikati ya betri na kopo. Uzi ukawa mwekundu kidogo.

"Umeona?" akasema Athumani. "Saketi yangu haina kosa."

Nikaufuata waya mpaka pwani. Ulikuwa waya wa jozi, mrefu, na sehemu kubwa ameuzika mchangani ili wanawake wanaopita na viroba vya mwani wasijikwae. Wazo zuri la mtu mwenye adabu. Nikatazama alama ya maji kwenye mikoko, nikaona kwamba bamvua likijaa, sehemu yote ile inafunikwa na bahari. Kidogo nikaanza kunusa jambo, lakini sikusema. Tukala wali na pweza, tukangoja.

Alasiri maji yakaanza kurudi. Tulikuwa chumbani, mimi, Zuhura na Athumani, hakuna aliyegusa kitu, na hakukuwa na upepo. Nilikuwa nimempa mgongo meza, namwekea Bi Mwanahawa mto vizuri. Nikaona ukuta mbele yangu unabadilika rangi.

Nikageuka. Taa ilikuwa inawaka. Haikuwaka ghafla, bali kidogo kidogo, uzi unatoka kwenye wekundu unaingia kwenye manjano, mpaka tukaona vivuli vyetu ukutani mchana kweupe. Athumani akasema "Bismillahi" na kurudi nyuma mpaka akagonga mlango. Nikagusa bati lililoshikilia transista, likaniunguza kidole. Ndipo kutoka nyumba ya jirani nikasikia sauti ya mwanamke, kavu, ya karibu sana, kama mtu aliyekuwekea mdomo shavuni. Bi Mwanahawa alikuwa mbele yangu, midomo yake inacheza, na sauti yake inatoka nyumba ya pili.

Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Nilitamani Mzee Kapinga awepo, hata kwa kunitania tu.

Mzee Faki, mwenye nyumba ile, akaja uani amebeba redio yake ameinyoosha mbali na mwili. Ndiye aliyesimamia kikao cha kumhamisha Bi Mwanahawa. Alikuwa na hasira ya mtu ambaye halali vizuri.

"Haya, fundi. Sikiliza mwenyewe, halafu useme ni betri."

Nikamwambia asogee dirishani aangalie taa. Nikachomoa waya wa pwani. Taa ikafifia papo hapo, na redio ikabaki inavuma tu. Nikachomeka, taa ikapanda, sauti ikarudi. Nilifanya hivyo mpaka Mzee Faki akaishusha redio kwenye kiti.

Nikawaeleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Mmewahi kusikia spika ya msikitini ikipiga yowe pale maiki inaposogezwa karibu nayo? Inajisikia yenyewe na kujijibu. Kikuza sauti kinaweza kufanya hivyo kwa sauti nyembamba mno, sikio la mtu haliipati. Waya mrefu ukilala kwenye maji ya chumvi unakibebesha kikuza sauti mzigo ambacho hakikuundiwa, kinaanza kupiga yowe lile lisilosikika, kinapata joto, kinakunywa betri. Na ule waya unaotoka dirishani unalirusha yowe hewani, na juu ya yowe kuna sauti ya mama. Athumani alikuwa ameunda kituo cha redio bila kukusudia. Karakanani hapakuwa na waya wala bahari, ndiyo maana kopo lilikuwa likifika kwangu linatulia.

Mzee Faki alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake.

"Basi sauti ni ya waya," akasema. "Na majina? Nayo ni ya waya?"

Nikamuuliza, "Baada ya jina, huwa anasema nini?"

"Nitajuaje? Mtu akisikia jina anazima redio. Nani anakaa kungoja?"

"Leo tutakaa."

Tukatoka uani, tukaizunguka ile redio. Sauti ilikuja na mvumo, ikapotea, ikarudi. Ilisema: "Mwajuma wa Rehema. Mvua kubwa. Kichwa kikubwa, nikadhani hatoki." Ikapumua. "Kombo, mwana wa Tatu. Kitovu shingoni. Nikampulizia mdomoni, akarudi." Mzee Faki akanyoosha mkono kuzima, nikamshika. "Faki wa Hidaya. Alitanguliza miguu. Mama yake akaniuma mkono, alama ninayo."

Zuhura akajishika kifua. "Mama alikuwa mkunga," akasema. "Shambani, kwenye upepo na mawimbi, nilidhani anaweweseka tu." "Ya Rabi, anahesabu watoto wake. Wote aliowapokea."

Mzee Faki alikaa chini mchangani, mzee yule, kanzu na kila kitu. Alicheka, halafu kicheko kikamgeuka. Mama yake alikuwa amefariki zamani, na hakuwahi kumsimulia habari ya kutanguliza miguu. Alisema maneno ambayo sikuyasikia vizuri, kisha akasema kwa sauti, "Na mimi nilikuwa namfukuza."

Mimi nilikuwa nimesharudi mezani, nimewasha chuma cha kulehemu. Tiba yenyewe ni ndogo: resista na kapasita mwishoni mwa kikuza sauti ili lile yowe lipate pa kuishia, na resista nyingine kwenye njia ya waya. Nilikuwa nimeinama juu ya kopo, redio inaendelea, majina yanapita, nikawa siyasikilizi tena. Ndipo ikasema:

"Zainabu wa Saada. Mdogo, analia sana. Na pacha mwenziwe, aliyemtangulia, alilia mara moja tu. Saada akaniomba nisiseme. Sikusema."

Ikaenda kwa mtoto mwingine.

Hakuna pale aliyejua mama yangu alikuwa anaitwa Saada. Wao wananijua kwa Bi Zena, si Zainabu, basi. Mama alikufa bila kunigusia jambo hilo hata siku moja, na nilimuuguza mwenyewe, tuliongea kila kitu, au nilidhani tuliongea kila kitu. Nilihisi upande wangu mmoja umekuwa baridi, pale pale alasiri ya joto. Nikaweka chuma pembeni. Nilitaka kuliacha lile kopo lilivyo, liendelee kusema, labda lingerudia. Lakini asubuhi yake Zuhura angeshuka pwani na betri ingekuwa tupu, na mtu angeanguka tena kati ya kitanda na ukuta. Nikalehemu.

Taa ikashuka mpaka kwenye wekundu wake. Bahari ilikuwa imejaa kabisa, tunaisikia nyuma ya nyumba, na taa haikupanda. Redio ikavuma, haina mtu ndani.

"Sasa tutamsikiaje?" akauliza Mzee Faki. Alikuwa kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Kwa kupita mlangoni na kukaa naye, kama watu."

Akajikung'uta mchanga. "Bwejuu haendi mtu," akamwambia Zuhura. "Nitawaambia wazee mwenyewe. Na aliyesikia jina lake akazima, nitamleta hapa aje asikie lililobaki." Akaondoka na redio yake kwapani, Athumani nyuma yake anamweleza habari ya transista ambayo mzee hakuiomba.

Nilikusanya vifaa polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha nikaenda kukaa mkekani, kando ya kitanda cha Bi Mwanahawa, nikamsogelea sikioni.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye Zainabu wa Saada."

Midomo ikaacha kucheza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile. Jicho lake zima likanitazama kwa muda, likashuka usoni kwangu, likaenda pembeni kidogo, likatulia hapo. Akamwita mwanawe kwa mnong'ono, Zuhura akainama kumsikia.

"Waletee wageni chai."

"Mgeni ni mmoja, mama. Ni fundi."

Bi Mwanahawa akainua mkono wake uliobaki na nguvu. Ulipita begani kwangu bila kunigusa, ukafika juu ya mkeka mtupu niliokuwa nimeuacha ubavuni, ukasimama hapo, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa. Vidole vikaanza kupapasa hewani, taratibu, kama anayemtengeneza mtoto nywele.

"Na huyu naye," akasema.

Zuhura alinitazama, ananiomba kwa macho nimwambie la kufanya.

Nikamwambia alete vikombe viwili.